Kibuyu Yenye Ilioshwa ku Bandari

Hii habari ni Dancille wa Muheto alinielezea, mwaka ule mvua ilikawia na tukapanda maharagwe mara mbili. Nilikuwa nimeenda kwake kuomba mbegu. Akaingia mu chumba, akatoka na kibuyu kubwa, nyeusi, yenye kifuniko ya majani ya kusuka. Nikamwambia:

"Dancille, hii haiko kibuyu ya mbegu. Hii njo ile ya kusukia maziwa, ile wenye ngombe banaita gisabo. Weye muntu wa jembe, uliitosha wapi?"

Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akanipimia mbegu, akakaa chini karibu yangu, akaanza. Nusu alisikia kwa tate yake Godelieve, mama ya mama yake, nusu kwa Verdiane mwenyewe, kila mumoja kwa wakati yake. Miye naiandika vile nilisikia.

Ilikuwa nyuma ya ile vita kubwa ya Bazungu, lakini uhuru ilikuwa haiko hata mu midomo ya bantu. Godelieve alikuwa mulimaji wa Muheto, mwanamuke wa jamaa ya zamani pale, mashamba yabo ilikuwa inashuka mpaka ku mutoni. Bwana yake Symphorien alikuwa anaenda Mpofi kutafuta mafuta ya ngazi, ile ya mawese, anakawia kule miezi. Binti yabo mumoja alikufa siku ya kuzaa. Akaacha katoto ka mwanamuke, kadogo sana, kenye kulia sawa paka ya mu pori. Ule mutoto njo Dancille.

Nani atamunyonyesha? Bamama ya ku kilima bote balikuwa na batoto babo ku ziwa. Njo Nyirabahire alisema, "Kuja kwangu asubui."

Nyirabahire alikuwa muke mukubwa wa boma ya ngombe yenye ilikuwa kule juu, penye ukungu inakawia kutoka. Mwanamuke murefu, mwenye roho nzuri na mudomo ya kukata. Kila asubui Godelieve alipanda na kopo yake, akasimama ku mulango ya boma. Nyirabahire anapokea kopo, anaingiza pua ndani, anavuta, njo anajaza. Siku moja alivuta, akarudisha kopo bila kitu.

"Godelieve, kopo yako iko nanuka jana. Maziwa yangu haiingie mu jana."

Godelieve alishuka mpaka mutoni, akasugua kopo na muchanga mpaka ikangaa, akapanda tena, mutoto anamulia ku mugongo. Tangu ile siku hakusahau. Alijua Nyirabahire anapenda chombo safi, chombo yenye hainuke kitu.

Tena kulikuwa sheria moja mu ile boma. Muntu mwenye anaharibu chombo ya maziwa, mukono yake haipokee tena maziwa pale. Jirani mumoja, muke wa Sebahire, aliteleza tu mu matope, akapasula chungu ya muti ya Nyirabahire. Hakuna muntu alimutukana. Lakini kesho yake akapanda na kopo, akakuta mulango imefungwa, na batoto yake bakazoea uji. Godelieve alikuwa anamuonaga ule mama akipita mbali na boma, na alikuwa anajiambia: miye hapana. Miye nikikosa, huyu mutoto anakufa.

Basi, mwana wa Nyirabahire, Rutayisire, akapata muchumba kule ngambo ya Kalehe, binti ya bantu ya ngombe sawa beye, mwenye amekufiwa na mama. Padri akatangaza majina yabo ku misa. Bibi arusi atafika na bato ya ziwa ku Goma, na toka pale atapanda na mizigo yake mpaka Muheto. Lakini kwabo, mama ya kijana haendake kupokea muke wa mwana yake mu njia, na kijana vilevile haendake. Inafaa muntu wa inje, mwenye mukono mwema.

"Nimekufikiria weye," Nyirabahire akamwambia. "Mutoto muache hapa, nitamulinda. Uende uniletee binti yangu na vitu vyake, hata kamba isipotee."

Godelieve alishuka ile kilima sawa muntu mwenye ameitwa na mwami. Alifurahi kwa heshima, na alifurahi kwa kopo. Alijiambia, nikifanya hii kazi vizuri, maziwa ya mutoto haitasimama.

Alienda na kamiyo ya Nestor, shofere mwenye alikuwa anashusha kabichi na viazi mu Goma na kupandisha chumvi. Nestor akamuacha ku bandari, akasema, "Mama, miye niko napakia ku soko. Bato ikifika, mupande na mizigo, musinifanye ningoje bibi arusi sawa miye njo bwana."

Bato ikafika jua ikiwa kali. Ikalia, ikakaribia polepole, bakatupa kamba. Bazungu ndio balishuka mbele na mavalizi yabo, mavatiri na bashofere balikuwa banabangojea. Nyuma njo bantu yetu: makuku, mikeka, batoto, ndizi. Bapagazi bakaruka juu yabo. "Mama, nibebe! Papa, hii ni yangu, nimeigusa mbele!" Mumoja alishika mushipi ya muntu, akifikiri ni kamba ya muzigo, na bantu balicheka.

Godelieve alibajua kwa vyungu vya maziwa vyenye balikuwa navyo. Binti murefu, amefunika kichwa, macho chini, na nyuma yake muzee mumoja na fimbo. Muzee alikuwa mujomba wake, Kanamugire.

"Weye njo mama mwenye Nyirabahire alituma?"

"Njo miye, Papa. Mulifika salama?"

"Salama. Lakini hii bato iko narudi sasa hivi, na miye ndani. Nimeacha muke mugonjwa na ngombe bila muntu." Akamuonyesha mizigo: sanduku ya mbao yenye rangi ya buluu, kirago, kikapu, vyungu viwili vya muti. Halafu akachukua kibuyu yenye ilikuwa imefungwa mu kitambaa, akaiweka mu mikono ya Godelieve, taratibu, sawa muntu anapana mutoto. "Hii uibebe weye mwenyewe. Bapagazi basiiguse. Isianguke, isiguse chini, isikae ku jua."

Hakusema kitu ingine. Kwabo hakuna muntu mwenye anahitaji kuambiwa ingine. Akaweka mukono ku kichwa ya binti, akaomba Mungu kwa sauti ya chini, akarudi mu bato. Verdiane, njo jina ya ule binti, alimutazama mpaka akapotea mu bantu.

"Karibu, mwanangu," Godelieve akamwambia. "Usilie hapa, bapagazi batakuomba hata machozi bakubebee."

Verdiane akacheka kidogo ndani ya kitambaa. Njo vile balianza kupendana.

Lakini mizigo ya bandari iko na shetani yake. Wakati balikuwa bakisema vile, mupagazi mumoja alikwisha kuinua sanduku ya buluu ku kichwa. Alitumwa na nani? Hakuna. Aliona kamiyo inageuka pale ku mulango ya bandari, akafikiri njo yabo, akaisukuma juu. Kamiyo ile ilikuwa ya bantu ya mafuta, iko naenda Walikale.

"Mama! Sanduku!" Verdiane akapiga kelele. "Rinda yangu ya ndoa iko mule!"

Akavua viatu, akakimbia. Bibi arusi mwenye hakupaswa hata kuinua macho mu njia, akapandisha nguo mpaka ku magoti, akakimbia juu ya yale mawe meusi ya Goma yenye inakata sawa chupa, akafuata kamiyo mpaka ikapotea ku ile njia ya kupanda soko. Bamama ya samaki bakasimama bakimushangilia. "Kimbia, dada! Usimuachie rinda yako muntu wa mafuta!"

Godelieve alibaki na mizigo. Hangeweza kuiacha, pale bandari unageuza shingo tu, kirago imeota miguu. Akakaa juu ya kikapu, kibuyu ku magoti.

Njo akaanza kuisikia. Jua ya mu bato ilikuwa imeipiga. Ndani kulikuwa kitu inafura. Maji moja nzito ilikuwa inatoka chini ya kifuniko, inashuka mu mikono yake. Inzi zikakuja. Harufu ilikuwa kali, ya maziwa ya zamani, ya moshi, ya kitu yenye imekaa imefungwa. Bapagazi babili bakapita.

"Mama, unabeba nini? Iko nanuka sawa mufu!"

"Iko mukwe wake," ule mwingine akajibu. "Alikataa kulipa mahari."

Bantu bakacheka. Godelieve haya ikamushika. Kulikuwa mama mumoja, Euphrasie, mwenye kuuza chai pale ku kando ya maji. Akasogea, akatazama, akashika pua.

"Yo! Mama, hii imeharibika. Ni ya nani?"

"Ya bibi arusi. Niko namupeleka kwa mukwe yake."

"Na hii harufu? Maskini. Ataingia kwa mukwe na hii harufu?"

Godelieve akaona Nyirabahire mbele yake, vile anaingiza pua mu kopo. Akaona ule binti anasimama ku mulango ya boma mbele ya bantu yote, na Nyirabahire anavuta, na anarudisha shingo nyuma. Mutoto bila mama mu bukwe ya bantu bengine, siku ya kwanza. Hapana, akasema. Miye niko hapa, haya kama hiyo haitamupata.

Alifungua kifuniko. Ndani kulikuwa maziwa nzito, imeganda, rangi ya manjano kidogo, inachemuka pale pembeni. Akashuka mpaka ku maji, akaimwanga. Ikatandaa juu ya ziwa sawa wingu, tusamaki tudogo tukakuja kuigusagusa, halafu maji ikaipeleka. Euphrasie akamupa maji ya moto mu birika ya chai. Godelieve akaweka muchanga ndani, akatikisa, akamwanga. Tena. Akasugua na majani, vile tunaoshaka vibuyu vya kasiksi, ile pombe ya ndizi, nyuma ya karamu, vile mama yake alimufundisha na alikuwa anajisifia nayo. Maji ikatoka nyeusi, ikatoka kahawia, ikatoka safi. Akapangusa na nguo yake mwenyewe. Akaingiza pua. Haikunuka kitu.

"Sasa njo chombo," Euphrasie akasema.

"Sasa njo chombo," Godelieve akajibu. Akaifunika, akaifunga mu kitambaa vile ilikuwa. Hatamwambia binti mbele, akafikiri. Atasikia kule mukwe anamusifu, njo atamushukuru.

Verdiane alirudi juu ya kamiyo ya Nestor, sanduku ya buluu chini yake, miguu inatoka damu, na Nestor anasema kwa sauti yake yote:

"Mama Godelieve! Hii njo bibi arusi ao ni polisi? Alisimamisha bantu ya mafuta ku soko, akapanda juu, akakalia sanduku, akasema mutanipeleka Walikale na miye! Rutayisire amepata muke wa mbio. Ngombe hazitapotea tena ile boma!"

Bakapakia mizigo, bakakaa juu ya mifuko ya chumvi, kamiyo ikaondoka. Bakapita Sake, ziwa ikabaki nyuma, barabara ikaanza kupanda na kujikunja. Baridi ikakuja. Verdiane akatosha kitambaa ku kichwa, akapumua.

"Mama, uko na batoto?"

Godelieve akamuelezea. Binti yake mwenye alikufa, katoto kenye kalibaki, kopo ya asubui. Akamuelezea vilevile muke wa Sebahire na mulango yenye ilifungwa, kwa kucheka kidogo, ili binti ajue namna ya mukwe yake. "Usiogope. Iko mama muzuri. Lakini kwa vyombo vya maziwa, hasamehe."

"Na kwetu vile vile," Verdiane akasema. Barabara ikageuka, akaongea tena. "Mama yangu alikufa mbele ya mavuno. Balikuambia?"

"Baliniambia, mwanangu. Pole."

"Siku zake za mwisho alikuwa hawezi kusimama. Akasema, nipe gisabo. Akasuka maziwa akikaa ku kitanda, kibuyu ku magoti vile weye uko nayo. Akatosha siagi, akaacha kidogo ndani, akafunika mwenyewe. Akaniambia, hii njo itachachusha maziwa ya kule kwako. Usiifungue. Mukwe yako njo ataifungua, atamwangia maziwa ya ngombe zake juu ya ile yangu, na mutakunywa bote. Hivi tutakuwa tumesalimiana." Akageuza uso upande ya migomba. "Tangu alikufa sijaifungua. Mu bato bantu balilalamika, nikafurahi. Nilikuwa nasikia ile harufu, nikasema, mama iko hapa, tuko nasafiri naye."

 Mikono ya Godelieve ilikuwa ku kibuyu, na kibuyu ilikuwa nyepesi. Ilikuwa nyepesi tangu Goma, lakini sasa njo alisikia vile iko nyepesi. Kamiyo ikaruka mu shimo, na hakuna kitu ilitikisika ndani.

"Umechoka, mama," Verdiane akasema. "Nipe nikusaidie."

"Acha. Acha tu. Nitaibeba miye."

Nestor akasimama penye bantu ya ngombe banauzaka maziwa mu njia, aweke maji mu motere. Godelieve akashuka na kibuyu. Mama mumoja alikuwa pale na maziwa ya kuchacha mu chungu. "Nikupe, mama?" Godelieve akasimama mbele yake. Kulikuwa namna: afungue, amwange kidogo, afunike. Ni nani atajua? Mama akainua upawa. Godelieve akautazama. Maziwa ilikuwa nyeupe, nzuri, ya ngombe yenye hajui, ya mikono yenye hajui. Akaona ule mugonjwa anakaa ku kitanda yake.

"Hapana, mama," akasema. "Haina nafasi." Akarudi ku kamiyo.

Nestor akabaacha ku njia-panda, kamiyo ikaendelea upande ya Kalembe. Toka pale mpaka Muheto ni miguu. Balipata bantu ya kubeba sanduku na vingine, bakatangulia. Beye babili bakafuata mu ile njia ndogo ya majani, Godelieve mbele, kibuyu mu mikono. Bakaenda hivi wakati murefu.

"Mama," Verdiane akasema nyuma yake. "Uliiosha, eh?"

Godelieve akasimama. Hakugeuka.

"Inzi hazifuate tena," Verdiane akasema. "Tangu Goma hakuna inzi."

"Ilikuwa inanuka, mwanangu. Bantu balikuwa bakicheka. Nilifikiri imeharibika. Nilifikiri mukwe yako..." Akaangalia kibuyu mu mikono yake. "Niliimwanga mu ziwa."

Verdiane akakaa chini pale mu majani, na rinda yake ya safari, akaweka mikono ku kichwa. Hakupiga kelele. Godelieve alisimama juu yake, hajui aweke kibuyu wapi, maana muzee alisema isiguse chini. Ukungu ikapita katikati yabo. Halafu binti akapangusa uso, akasimama.

"Twende. Ngombe zitaingia mbele yetu, na ni vibaya bibi arusi afike nyuma ya ngombe."

"Nitamwambia miye mwenyewe," Godelieve akasema. "Nyirabahire. Nikifika tu, nitamwambia. Usibebe hii."

Verdiane akafunika kichwa tena, akaenda.

Ku boma bantu ilikuwa imekusanyika, nyimbo, vigelegele. Nyirabahire alisimama ku mulango, na ku mugongo yake alikuwa amebeba Dancille, mutoto ameshiba, maziwa imekauka ku midomo yake. Katoto kakaona tate yake, kakanyosha mukono, kakacheka.

"Ona!" Nyirabahire akasema. "Ona muntu wangu! Niliwaambia, sitatuma mwingine. Hata kamba haikupotea. Karibu, binti yangu. Karibu kwako."

Akamukumbatia Verdiane. Halafu akapokea kibuyu toka mikono ya Godelieve, akaikaza ku kifua, na bantu bakanyamaza, maana hiki njo kitu balikuwa bakingojea. Akatosha kifuniko. Akaingiza pua.

Alikawia pale. Akavuta tena.

"Hii imeoshwa," akasema. Hakupandisha sauti. "Na muchanga. Na maji ya moto. Nani aliosha gisabo ya muntu?"

Godelieve akafungua mudomo. Neno ilikuwa pale, alikuwa ameibeba tangu njia-panda. Lakini macho yake ilienda ku mugongo ya Nyirabahire, ku kale kamukono kenye kalikuwa bado kanyoshwa, na nyuma ya bantu alimuona muke wa Sebahire, mwenye alikuwa amekuja kutazama ndoa akisimama mbali, inje ya mulango.

Neno ikakaa.

"Ni miye, mama," Verdiane akasema. "Ilikuwa inanuka mu bato. Nilipata haya, nikaiosha."

Mabibi ya ile jamaa bakapiga midomo. Mumoja akasema, "Haya! Rutayisire ametuletea mwanamuke wa kuosha gisabo. Kesho ataosha ngombe na sabuni." Bengine bakacheka. Rutayisire kule kando akatazama miguu yake.

"Mwanangu," Nyirabahire akasema, na hii njo ilikuwa mbaya, maana alisema kwa huruma, "mama yako hakukufundisha kitu?"

Verdiane akainamisha kichwa. Kwa yeye mwenyewe alikuwa amekubali kupata haya. Kwa mama yake hakuwa amejua itafika pale.  Godelieve aliiona. Alikuwa karibu yake kabisa, mabega yabo ilikuwa inagusana, na hakusema.

"Basi," Nyirabahire akasema. "Hakuna neno. Nitakupa ingine, mupya, utaifukiza moshi, utaizoeza polepole. Leo ni siku ya furaha. Hii imekufa, haisuke tena." Akageuka. "Godelieve, weye mulimaji, ichukue. Utaweka mbegu ya maharagwe. Njo zawadi ya kazi yako. Na lete kopo."

Akamujazia kopo mpaka juu, bila kuinusa. Ile siku tu hakuinusa. Akamufungia mutoto ku mugongo. Godelieve akapokea kopo na mukono moja, kibuyu na ingine, akashukuru. Wakati alikuwa anapita, Verdiane akamushika nguo kidogo.

"Mama Godelieve. Uifunike vizuri."

Ni hiyo tu.

Alishuka jua ikianza kuingia nyuma ya milima ya Walikale. Mu nyumba yake akawasha moto, akapasha maziwa moto, akamunywesha mutoto polepole na kijiko ya muti, na mutoto alikunywa yote, akapiga mbweu, akalala ku kirago na mukono wazi. Godelieve akatundika kibuyu ku ukuta. Akaitosha. Akafungua, akaingiza pua ndani, akavuta sana, sawa Nyirabahire. Labda kulibaki kidogo pale ku shingo, penye vidole havifikie. Hakukuwa kitu. Muchanga tu, na maji ya ziwa.

Kesho, akasema. Kesho asubui nikipanda na kopo, nitamwambia.

Dancille aliniambia, tate yake alikuwa anasema hivi kila magaribi, na kila asubui kopo ilikuwa mu mukono. Mutoto akaota meno, akala bugali, hakuhitaji tena maziwa ya muntu, na ule wakati neno ilikuwa imekauka, haitoke tena. Verdiane alisuka mu kibuyu mupya, na maziwa ya kuchachusha ya mukwe yake, na bantu ya boma balisema siagi yake iko muzuri, Mungu amusaidie, maana kwabo hakufundishwa. Alikuwa anasikia, ananyamaza. Wakati ya kupanda, Godelieve akimuona anapita ku shamba, alikuwa anafunika kibuyu na nguo.

Lakini ile magaribi ya kwanza hayo yote ilikuwa haijakuja. Toka juu ku boma nyimbo ya ndoa ilikuwa inashuka na upepo, halafu ikapunguka, halafu ikaisha, bantu bamechoka, bamelala. Godelieve akapiga magoti kusema Salamu Maria. Akafika ku "siye wenye zambi," akasimama pale. Akaanza tena toka mwanzo, akafika, akasimama. Akaacha. Akafunika kibuyu vizuri, vile aliambiwa, akaizungusha uso yake iangalie ukuta. Akajilaza kando ya mutoto, akaweka kidole mu kale kamukono wazi, kakakishika. Akasikiliza pumzi yake, inaingia, inatoka, ya muntu mwenye ameshiba, mpaka usingizi ikamukamata na yeye.